Nataka kuondoka chuoni bila kuaga

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 29, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Wiki tatu zijazo chuo chetu kitafanya mahafali na jina langu limo katika orodha ya wanaopata shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu mikoko ya ule mkono wa bahari wa Tudor. Nilifuatilia miche iliyopandwa na kikundi cha kina mama upande wa Mikindani, nikitazama ipi ilishika, ipi ilikufa, na kwa nini. Nimeitetea, nimerekebisha nilivyoambiwa, nimeifunga kwa jalada gumu. Kazi imekwisha.

Lakini mahafali sitaki kwenda. Nilipofuzu shahada ya kwanza, ami yangu alichinja mbuzi wawili na mtaa mzima ukala pilau. Baada ya hapo nilikaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Mama huamka saa tisa usiku kukanda mahamri, nami ndiye niliyekuwa nikiyapeleka kwa wateja asubuhi, na kila kona naulizwa, "Ile digrii imefika wapi?" Ilifika mahali nikawa natoka nyumbani kwa njia za nyuma. Sasa ami, ambaye karo ya uzamili aliitoa mfukoni mwake, ameshaanza kuulizia sufuria za kukodi. Kazi bado sina. Tena chuo kimetoa kadi mbili tu za wageni, na wanaotaka kuja ni mama, ami, shangazi wawili na bibi mwenye miaka 81.

Jambo la pili ni msimamizi wangu. Sura ya tatu alikaa nayo miezi minne. Nikimpigia simu hashiki. Leo tasnifu imepita, yeye ndiye anayenitafuta. Anataka tutoe makala katika jarida na anataka nimpe data yote. Wenzangu wananiambia ataweka jina lake mbele na langu nyuma, au aniache kabisa. Boti niliyotumia ilikuwa ya mradi wake, sawa, lakini matope niliyakanyaga mimi. Nimeamua nisimjibu. Cheti nitakichukua ofisini baadaye kimya kimya, nibadilishe nambari ya simu, nianze maisha. Hata wale kina mama wa Mikindani juzi wamenitumia ujumbe: "Mwalimu, ushamaliza? Utarudi lini?" Sikujibu. Nitawaambia nini?

Je, nitakuwa nimekosea?

Aliyechoka, Majengo

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kwenye ule mstari wa mwisho kuhusu kina mama. Nitaurudia, maana naona umeuweka mwisho kama kitu kidogo.

Umeuliza kama utakuwa umekosea. Ndiyo. Wapo wengi wasiohudhuria mahafali yao na shahada zao ni halali kama za wenzao, kwa hiyo kosa haliko kwenye sherehe. Linaanzia pale unapotaka kutoka bila kuaga. Umelelewa Majengo, unajua kwamba hata aliyeingia nyumba ya watu kuomba chumvi hatoki bila kusema "haya, mimi naondoka." Na kuaga kwetu kuna kazi yake: mwenye nyumba anapata nafasi ya kusema umesahau leso yako, nawe unapata nafasi ya kurudisha bakuli lake. Wewe umekaa katika nyumba hiyo ya elimu miaka kadhaa. Kuna vya watu ulivyobeba na kuna vyako unavyotaka kuviacha.

Nianze na joho, kwa sababu ndilo linalokuja kwanza.

Unaona haya kwa sababu unadhani siku hiyo utasimama mbele ya watu kutangaza kwamba umepata kazi. Sikiliza maneno yenyewe yatakayosomwa. Katika vyuo vyetu vya Kenya, chansela anapotunuku shahada huwaambia wahitimu kwamba anawapa uwezo wa kusoma na kutenda yote yanayoambatana na shahada hiyo. Wengi hawayasikii kwa vigelegele. Mshahara hautajwi. Kinachotangazwa ni kwamba kuna jambo ulijifunza mpaka ukaaminika kulifanya bila kushikwa mkono, na hilo ni kweli tupu, uwe na kazi au usiwe nayo. Ile miaka miwili ya kupita njia za nyuma ilikuumiza kwa sababu watu walikula pilau ya ahadi ambayo hukuwahi kuitoa. Basi safari hii wewe ndiye useme mapema. Nenda kwa ami jioni moja, kaa naye, mwambie: "Ami, umenisomesha na sitasahau. Kazi bado natafuta. Naomba tusifanye karamu ya mtaa. Tusome dua tu baada ya Alasiri, watu wa nyumbani, kahawa na mahamri ya mama." Huyo ni mtu aliyetoa pesa zake bila kukuandikisha deni. Ukimwambia ukweli kwa adabu atakuelewa. Ukimkimbia, atabaki na sufuria za kukodi na swali asiloweza kumuuliza mtu.

Kadi mbili ni za mama na ami. Sioni ubishi hapo. Shangazi watanuna kidogo kisha watakuja kwenye dua na vyombo vyao. Bibi wa miaka 81 usimpeleke akakae hemani tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa joto letu. Badala yake, chansela akishafunga sherehe na ukishapiga picha zako mbili tatu pale langoni na mashada ya kung'aa shingoni, usivue. Panda tuktuk na joho lako uende kwake moja kwa moja. Chuo kitakupa siku chache za kulirudisha.

Nakusihi hili la bibi kwa sababu ninayoijua mwenyewe. Alipokuwa na umri wako, mtu wa Mombasa aliyetaka shahada alipanda gari la moshi usiku kwenda Nairobi, au alipitiliza hadi Makerere. Pale Tudor palikuwa na Polytechnic, iliyotokana na ile MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Palifundishwa ufundi, na mafundi waliotoka pale walijenga nusu ya mji huu, lakini shahada haikutolewa. Siku ya joho ya mtoto wao, wazazi wa hapa waliiona kwenye picha iliyokuja kwa posta. Ni mwaka 2013 tu ambapo TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa) hapa Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi vilipewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Bibi yako ni katika wale waliongoja muda mrefu. Mwache alishike joho kwa mkono wake na kukutundika asumini akitaka.

Sasa msimamizi. Hapa ndipo nilipokaa na barua yako kwa muda mrefu.

Miezi minne kwa sura moja ni mingi, na una haki ya kuudhika. Nami nimewahi kukaa na sura ya mwanafunzi muda mrefu kuliko huo. Sikuwa na ubaya naye. Nilikuwa na wanafunzi wengi, nikachelewa, kisha aibu ya kuchelewa ikanifanya nizidi kujificha. Mpaka leo nikimkumbuka moyo unaniuma. Sisemi kwamba wako ni hivyo, simjui. Ila nimeona umeandika kwamba hashiki simu, nawe umeamua kutomjibu na kubadilisha nambari. Mmeshakuwa wawili mnaojificha, na makala iko katikati, haina wa kuiandika.

Kuhusu jina, kuna utaratibu unaofuatwa na majarida mengi ya sayansi. Anayetajwa kuwa mwandishi awe amechangia kwa dhati wazo na mpango wa utafiti, au kukusanya au kuchambua data. Awe pia ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameikubali nakala ya mwisho, na yuko tayari kujibu akiulizwa. Mtu aliyetoa boti pekee hushukuriwa tu mwishoni. Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu: huyu alitoa boti tu? Nani alikuonyesha jinsi ya kuweka viwanja vya kupimia? Nani alikurudishia ile sura ikiwa imejaa wino, hata kama ilichelewa? Ikiwa kazi hiyo aliifanya, ana nafasi yake, na nafasi hiyo ni baada yako. Katika makala inayotoka moja kwa moja kwenye tasnifu, ni kawaida mwanafunzi atangulie. Hilo huliibi wala huliombi. Litamke wewe kabla mwingine hajatamka lingine.

Na ulitamke kwa maandishi. Mwandikie barua pepe wiki hii, kabla ya mahafali, kwa maneno yako lakini yenye mambo haya:

"Daktari, shikamoo. Nashukuru kwa kunisimamia hadi kumaliza. Niko tayari tutoe makala kutokana na tasnifu yangu. Napendekeza niandike rasimu ya kwanza, jina langu litangulie na lako lifuate, na mradi uliotupa boti tuushukuru mwishoni. Rasimu nitakuletea ndani ya miezi miwili baada ya mahafali, nami naomba maoni yako ndani ya wiki nne. Nitakuletea pia nakala ya data ikiwa na maelezo yake. Ikiwa una pendekezo jingine kuhusu majina, naomba tulizungumze kabla sijaanza kuandika."

Hakuna tusi humo, hakuna unyonge. Akikubali, umepata makala na umepata mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo utakapoomba kazi. Akikataa utangulie, una maandishi ya kumpelekea mwenyekiti wa idara au ofisi ya masomo ya uzamili, na utakwenda ukiwa bado mwanafunzi anayejulikana mlangoni. Mwaka mmoja baadaye utakuwa mgeni pale. Data usimnyime, na pia usimpe nakala ya pekee. Soma kanuni za chuo chako kuhusu ni ya nani, maana utafiti uliofadhiliwa na mradi huwa na masharti yake. Yako iweke mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo pasiwe kwenye kompyuta. Mwanafunzi wangu mmoja alitoka na kazi ya miaka miwili kwenye laptopu moja, ikaibiwa kwenye matatu kabla hajatoa nakala. Sura moja tu ya kazi ile ndiyo iliyowahi kusomwa na watu.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Kabla cheti hakijachapishwa, tazama jina lako kwenye orodha herufi kwa herufi, ulilinganishe na kitambulisho na cheti cha KCSE. Huku Pwani tunaumia sana na Fatma wa kitambulisho na Fatuma wa cheti, Mwanaisha hapa na Mwanaesha kule, na kulirekebisha jina baada ya kuchapishwa ni safari ndefu ya ofisi na viapo. Maliza mapema kuthibitishiwa na maktaba na ofisi ya fedha kwamba hudaiwi kitu, foleni ya wiki ya mwisho ni ya kulia. Hamisha barua pepe zako muhimu kutoka anwani ya chuo, kwani vyuo vingi huifunga ukishaondoka. Pakua makala unazozihitaji ukiwa bado una ruhusa ya maktaba. Jiandikishe ORCID, ile nambari ya utambulisho wa watafiti, ni bure. Utapata nambari ya tarakimu 16 itakayokufuata hata ukiolewa na kubadilisha jina, ili kazi zako zisitawanyike. Na ikiwa shahada ya kwanza ulisoma kwa mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, waandikie wewe kuhusu hali yako ya kazi, usingoje faini ya Sh5,000 kila mwezi ikukusanyikie gizani.

Walimu watatu waombe ana kwa ana wakubali kukuandikia mapendekezo, sasa hivi, wakati bado wanakumbuka sura yako na ulichosema siku ya kutetea. Wape muhtasari wa kurasa mbili wa kazi yako. Mwalimu akipata wanafunzi wengine arobaini, atakayeandikiwa barua nzuri ni yule aliyemwachia cha kuandikia.

Basi turudi kwa kina mama wa Mikindani.

Wamekuita Mwalimu. Soma tena ujumbe wao: "Ushamaliza? Utarudi lini?" Wewe umeuliza utawaambia nini kama kwamba wanadai kitu usicho nacho. Wanachodai unacho, kimefungwa kwa jalada gumu. Wao walisimama nawe matopeni maji yakiwa yametoka, saa ambazo wangekuwa wanapara samaki au wanapanga bidhaa zao. Walikujibu maswali yako yote. Walikuonyesha ilipopandwa ile ya mwanzo na ilipopandwa ile ya baadaye. Halafu wamekaa wakingoja kuambiwa kwa nini miche mingine ilikufa, na jibu liko maktabani kwa Kiingereza, na aliyeliandika hajibu simu. Wana haki ya kujiuliza walifanya nini kibaya.

Rudi kwao. Usiwapelekee kile kitabu kizima, hata kama nakala moja utawaachia kwa heshima. Waandikie kurasa mbili kwa Kiswahili, herufi kubwa, na picha za viwanja vyao wenyewe. Miti iite kwa majina wanayoyatumia: mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana. Lile jina la Kilatini lililokusumbua kwenye sura ya pili halina kazi pale. Waambie kwa maneno ya kawaida ulichokiona. Ikiwa ulikuta, kama wanavyokuta watafiti wengi, kwamba miche iliyopandwa mbali mno kuelekea majini ilifunikwa na maji kila siku kwa muda mrefu ikashindwa, basi waonyeshe mstari wenyewe kwenye matope: kutoka hapa kwenda chini msipande mkoko, mtapoteza nguvu zenu. Kisha nyamaza uwasikilize. Watakwambia jambo ambalo tasnifu yako haina, na hilo ndilo litakaloipa makala yako uhai.

Tena liko katika sheria zetu. Leseni ya utafiti uliyopewa na NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ina masharti yaliyochapishwa juu yake, na mojawapo ni kuwasilisha ripoti ya mwisho. Wengi huikunja leseni wakaisahau siku wanapomaliza kukusanya data. Itoe uisome. Ripoti hiyo iwasilishe, na ofisi za kaunti zilizokupa barua ya kuingia mashinani uzipelekee nakala.

Ukitaka kujua kurudi kunazaa nini, nenda Gazi, kule Kwale, si mbali na hapa. Watafiti walianza kupanda mikoko na wanakijiji pale tangu miaka ya 1990, na walirudi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo kijiji kinalinda msitu wa hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimeleta maji na vifaa vya shule. Siahidi kwamba Mikindani itakuwa Gazi. Tudor ina uchafu wa mji unaotiririka humo na wakataji wasiolala. Lakini pale Gazi jambo lisingefika popote kama kila mtafiti angechukua vipimo vyake akabadilisha nambari ya simu.

Watakuuliza kama umepata kazi. Waambie bado. Ni wanawake waliopanda miche wakaiona ikifa na wakapanda tena, hawatakucheka.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, wajibu ule ujumbe. Waandikie: "Nimemaliza, alhamdulillahi. Nakuja kuwaletea majibu." Chagua siku ya bamvua baada ya mahafali, maji yakiwa yametoka vizuri saa nne saa tano asubuhi, ili mzungumze mkiwa mmesimama kwenye miche yenyewe. Mchukue mama yako siku hiyo ikiwa ataweza kuacha kazi yake, aone matope uliyokuwa ukirudi nayo nyumbani yalitoka wapi. Na mahamri ya kutosha, kikundi kile si kidogo.